Mgao wa haki unapimwaje? Nimekwama na utafiti wa chama

Mwanafunzi_Roysambu: Habarini wadau. Niko mwaka wa pili uzamili wa saikolojia hapa Nairobi, nasoma vile watu huamua mgao fulani uko sawa ama la. Nimechukua ule mchezo ulioanzia Ujerumani 1982, mmoja anapewa pesa anamtajia mwenzake mgao, mwenzake akikataa wote wanatoka mikono mitupu. Msimamizi wangu anataka niutumie vile ulivyo ndio nilinganishe na nchi zingine. Lakini nilijaribu hojaji na akina mama wa chama kimoja Githurai, nikauliza "mgao wa haki ni upi", wakanipigia stori za kanjo na kesi kortini nusu saa nzima, mmoja akauliza kama mimi ni wakili. Sasa nishikilie kipimo kimoja cha dunia ama nianze na maneno yao?

Mama Wawili: Pole dada, ni hilo neno haki. Haki ni kitu unadai kwa serikali, mambo ya nyama na pesa sisi husema kupunjwa. Desemba tulichinja ng'ombe watu 12, mizani ikaletwa, kila mtu kilo sawa. Mwenzetu mmoja alikuwa na deni la mchango miezi miwili juu mtoto alilazwa. Akapimiwa kama sisi, alafu mweka hazina akamwekea mfupa wa supu juu bila kupima na hakuna aliyeguna. Lakini kijana aliyetumwa na mamake akaanza kujichagulia steki, weh, alifokewa mpaka akarudisha! Na kilo zake zilikuwa zile zile. Hiyo hojaji yako ingeandika nini hapo?

Kaka_wa_Takwimu: Mama Wawili nakuelewa lakini tusitupe kipimo. Mtafiti Joseph Henrich aliupeleka mchezo huo kwa Wamachiguenga wa Peru, wakawa wanampa mwenzao wastani wa asilimia 26 hivi, na huyo mwenzake anakubali tu. Kwa Walamalera wa Indonesia, wale wawindaji wa nyangumi, wastani ulipita nusu. Bila mchezo mmoja hayo yangeonekana aje? Kwetu hapa, mtafiti Jean Ensminger alipowachezesha Waorma, wale wafugaji, mchezo mwingine, ule wa kila mtu kuchangia kapu moja, wenyewe wakauita mchezo wa harambee. Soma hapo vizuri dada, hilo jina linakuonyesha walidhani wanafanya nini.

Nkirote_K: Naongezea watoto. Kuna utafiti wa 2015, wawili wanafanya kazi pamoja, mmoja anavuna zaidi, alafu wanagawana zawadi. Watoto wa Ujerumani waligawa kulingana na nani kavuna ngapi, watoto wa Kisamburu hawakuhesabu hiyo kabisa. Mwaka huo huo ukatoka mwingine wa nchi 7, kila mahali watoto walikataa kupata kidogo kuliko mwenzao, lakini kukataa kupata zaidi kulionekana Uganda, Kanada na Marekani pekee. Kwa hivyo kupunjwa kunauma kote, ila usichukue mtoto wa Marekani ukamfanya rula ya kupimia Msamburu. Hilo huniudhi sana.

Mwanafunzi_Roysambu: Asanteni sana, na Mama Wawili Mungu akubariki. Nimefuta "haki" kwa swali la kwanza, nimeandika "hapa kuna mtu amepunjwa?" Mchezo nitaucheza vile ulivyo lakini mwisho, baada ya kukaa nao siku ya kugawana, na kila mmoja nitamuuliza huu umefanana na nini kwenu. Jumamosi wananunua mbuzi, wameniambia nishike mizani.