Mazabodi ya AGP niliyoisubiri miezi minne: nimepigwa, na hata nisingepigwa bado hailipi

Wakuu habari za jioni. Nitaandika kirefu kuhusu mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) yenye AGP, lile tundu la zamani la kuchomekea kadi ya grafiki; asiye na muda apite tu. Nina hasira tangu asubuhi na mke wangu kashachoka kunisikiliza.

Niko Moshi, nina fremu ya kazi za picha na video huku Majengo. Harusi siku hizi vijana wenye drone wamezichukua, siwalaumu. Kinachonilisha mimi ni kuhamisha kaseti za VHS kwenda kwenye flashi. Hapa Kilimanjaro karibu kila nyumba ina kaseti kabatini: kipaimara cha 1994, sendofu ya dada, mazishi ya babu. Mwezi wa 12 Wachagga wakipanda nyumbani ndipo na mimi navuna. Desemba moja inanilipia kodi ya fremu miezi sita.

Jembe langu ni kadi ya grafiki ya zamani, ATI All-in-Wonder 9600 ya AGP, kizazi cha 2003, ile yenye kisanduku cha zambarau cha kuchomekea waya za deki. Kabla hamjaanza: ndiyo, najua kuna vidude vya USB vya elfu thelathini. Ninavyo viwili. Kaseti ikiwa nzima, vinapiga kazi vizuri. Ila kaseti iliyokaa miaka 25 juu ya dari huko Kibosho, mkanda umekunjamana, hapo kidude kinaruka fremu na sauti inaachana na mdomo. Mchungaji anasema amina wakati bibi harusi bado yuko mlangoni. Kadi hii, ndani ya Windows XP, inavumilia mkanda mbovu.

Mwezi wa nane mazabodi yangu ya Pentium 4 ikafa. Kapasita nne karibu na prosesa zimevimba vichwa kama maandazi, moja imetoa maji ya kahawia. Ni ugonjwa uliozipata mazabodi nyingi za miaka ile.

Kwa vijana ambao hamkuikuta AGP: Intel waliitangaza 1996, chipseti (chipu zinazoongoza mazabodi) ya kwanza yenye AGP, 440LX, ikaja 1997. Mwaka 2004 Intel haohao wakaleta chipseti za 915 na 925X zenye PCI Express, tundu jipya la kadi, AGP ikatupwa nje. Tundu halifanani, kadi haiingii hata kwa nyundo. Watu wakabaki na kadi nzuri mkononi na hawana pa kuzichomeka. Ndipo kati ya 2005 na 2007 hivi zikatoka mazabodi za waliochelewa: tundu la AGP na la PCI Express ubao mmoja, prosesa hadi za Core 2, na RAM za DDR na DDR2 (ya zamani na iliyoifuata) zote zina nafasi yake. Ukisoma sifa zake unaona kama sahani ya pilau yenye nyama pande zote.

Hiyo ndiyo niliyouziwa na jamaa mmoja wa Arusha mjini. "Mpya ya boksi mkuu, inatoka China, wiki tatu tu." Bei 220,000, kishika uchumba 150,000. Nikatuma tarehe 14 Septemba, nikijua hadi Oktoba nimeshasimama.

Oktoba meli imechelewa. Novemba mzigo uko bandarini, kuna karatasi moja haijagongwa muhuri. Mwisho wa Novemba mzigo umeshatoka Dar, uko Chalinze. Wiki mbili baadaye napiga simu, bado uko Chalinze. Nikamuuliza, ndugu yangu, huo mzigo unatembea kwa miguu? Nimepanda Coaster kwenda Arusha mara tatu. Mara zote tatu kafuli mlangoni, na yule dada wa steshenari ya jirani ananiambia bosi kaenda Namanga. Mara ya tatu hata sikumuuliza, aliniona tu akatikisa kichwa.

Desemba ikafika. Akaja mama mmoja, mtu wa Rombo anayeishi Dar, na kaseti saba ndani ya mfuko wa rambo. Moja ina hotuba ya baba yake kwenye kipaimara cha mdogo wake, mwaka 1996. Mzee alishafariki. Nikajaribu na kidude cha USB, picha ikachanika mstari mstari, sauti ikawa inakwenda na kurudi. Akaniambia, "Baba, hata sauti peke yake haiwezekani?" Nikamrudishia kaseti zake. Wateja wa namna hiyo nimewarudisha kumi na mmoja, nimewahesabu kwenye daftari.

Mazabodi ilifika tarehe 9 Januari, imepakiwa kwenye basi, nikaifuata stendi. Ile "mpya ya boksi" imekuja kweli ndani ya boksi. Boksi la blenda.

Nikaitoa. Matundu ya skrubu yana mikwaruzo ya duara. Krimu ya prosesa imekauka kama ukoko wa wali. Betri ya CR2032 imekufa, saa ya mashine inasoma miaka ya nyuma huko. Nikaigeuza ili nipige brashi upande wa chini, nikakuta kipande cha plasta nyeupe kimeandikwa kwa kalamu ya wino: MHASIBU – USIGUSE.

Wakuu. Mhasibu. China wanaandika MHASIBU?

Yaani hii kitu ilikuwa kwenye ofisi ya mtu hapahapa nchini, labda hata Arusha yenyewe, na mimi nimesubiri meli miezi minne. Nikampigia. Akasema, "Hiyo ni lebo ya kiwandani mkuu." Nikakata simu kwa sababu mtoto alikuwa karibu na nisingependa ayajue maneno niliyotaka kusema.

Haya, tuseme hakuna utapeli. Tuseme ilikuja mpya kwa wiki tatu. Je, mazabodi ya namna hii inafaa kununuliwa? Nimekaa nayo wiki nne sasa na jibu langu ni hapana, kwa mtu mwenye kadi kama yangu.

Sababu ya kwanza ni kwamba walikuuzia spidi usiyoihitaji. AGP 8x, ile ya kasi zaidi, inapitisha kama megabaiti 2,133 kwa sekunde. Video ya PAL, mfumo wa picha wa kaseti zetu, ni 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, baiti mbili kwa kila nukta. Zidisha mwenyewe: haifiki hata megabaiti 21 kwa sekunde. AGP ya kwanza kabisa ya 1x, megabaiti 266, ingeibeba kazi yangu huku inasinzia. Kinachonibana mimi ni diski, maana saa moja ya video isiyobanwa inakula kama gigabaiti 75.

Halafu hiyo 8x yenyewe, kwangu haikutulia. Kwanza nilikuta chipseti ni ya VIA, na bila draiva yake ya AGP, kadi inajikokota. CD haikuja bila shaka, mhasibu kabaki nayo. Nikaitafuta draiva usiku mzima, nikaiweka, mashine ikawa inaganda katikati ya kunasa video, dakika ya 12, ya 40, haina ratiba. Nikaingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), nikashusha AGP kutoka 8x hadi 4x, nikazima Fast Write, mpangilio mwingine wa kuongeza kasi, ikatulia kwa kiasi. Bado kaseti moja kati ya nne inaniangusha. Na Pentium 4 yangu ya zamani haikuwahi kunifanyia hivyo.

RAM nazo ni kiini macho. Matundu ya DDR na DDR2 yapo yote, ila huwezi kutumia aina zote mbili kwa pamoja, unachagua moja. Na lile tundu refu la PCI Express, linaloonekana la x16 (njia 16 za data) kabisa, ndani yake njia ni nne tu. Gigabaiti moja kwa sekunde kila upande badala ya nne. Yule anayejipa moyo kwamba leo nachomeka AGP, kesho nitanunua kadi ya kisasa, ajue hiyo kesho nayo kabakiziwa robo tu.

Nitatenda haki kidogo. Kama una kadi kali ya AGP ya mwisho mwisho, tuseme GeForce 7800 GS ya 2006 au Radeon HD 3850 iliyotoka kwa AGP pia, basi Core 2 Duo itaitendea haki kuliko Pentium 4. Mtu wa namna hiyo anunue, kama ataipata kwa elfu 60 na aione kwa macho kwanza. Huku Moshi simjui hata mmoja.

Kuna mdau aliniuliza inbox kama anaweza kuchomeka kadi yake ya 1998 kwenye mazabodi kama hii. Mkuu, usithubutu. Angalia mkato kwenye meno ya kadi. Ukiwa upande wa lile bati la nyuma peke yake, hiyo ni ya volti 3.3, na mazabodi hizi za 8x ni za volti 1.5 kushuka. Ukiisukuma kwa nguvu unaweza kuua vyote viwili.

Kinachoniuma zaidi ya 220,000 (nililipa yote, ndiyo, stendi, kabla ya kufungua boksi, nichekeni tu) ni kwamba juzi nimeipeleka ile mazabodi yangu ya zamani kwa mzee mmoja fundi redio karibu na soko la Mbuyuni. Akaiangalia dakika mbili. "Hii si mbovu, ni kapasita nne tu. Elfu 20." Muda wote huo ilikuwa chini ya meza yangu nimeifunika na gazeti.

Ila kakataa kuweka kapasita za redio, anasema hizo za kawaida zitavimba tena, zinatakiwa zile za mazabodi zenye ukinzani mdogo. Yeye hana.

Kwa hiyo wakuu, kuhusu jamaa wa Arusha, mwenye njia ya kurudishiwa hela bila kufika polisi anipe mawazo. Yeye kanipa ofa ya elfu 40 "kwa usumbufu". Na mwenye mazabodi mbovu ya zamani ambayo kapasita zake hazijavimba, nahitaji nne za mikrofaradi 1500, volti 6.3, aje PM. Nitazifuata hata Usa River, leo hii hii. Yule mama wa Rombo kanitumia ujumbe, anapanda tena Pasaka.