Kwenye maporomoko walimweka mpiga picha, mwenye kamba hawakumweka!

Wakuu, naandika goti limevimba na hasira hazijapoa, mnivumilie.

Jumamosi mimi na mdogo wangu tulikwenda kushuka mto kwa boti ya mpira. Mandhari siyapondi: milima huku na huku, ukungu bado umekalia vilele. Tangazo lao lilisema mto ni daraja la 3, wanaoanza karibuni. Kwa wasiojua, mito hii hupangwa kwa madaraja 1 hadi 6. La 3 ni mawimbi ya wastani, la 6 ni kucheza na roho. Lakini daraja halikai palepale mwaka mzima. Usiku ule mvua ilinyesha milimani hadi alfajiri, asubuhi maji yana rangi ya udongo na magogo yanapita. Nikamuuliza mwongozaji kama bado ni la 3. Akacheka: "Kaka, ndiyo raha yenyewe hiyo!"

Maelezo ya usalama? Dakika 2, tena huku anajaza boti upepo. Mkisikia "mbele" pigeni kasia, mkisikia "chini" inameni. Basi! Jaketi langu la kuokolea kifungo cha chini kilikuwa kimekatika, akafunga fundo. Jaketi linatakiwa likubane, mtu akikuvuta mabegani lisipande. Langu lilinifika masikioni nikiwa bado nchi kavu. Na nilisema! Nikaambiwa nisiwe mwoga.

Poromoko la tatu, boti ikagonga mwamba kwa ubavu. Kumbe hapo wote mnatakiwa mrukie upande ule ule wa mwamba, uzito wenu uizuie isipinduke. Nani alituambia? Tuliukimbia mwamba, upande wa pili ukazama, boti ikageuka, sote majini.

Maji ya baridi vile yanakukata pumzi. Unavuta hewa, unapata maji. Nikafika mahali pa kina cha kiuno, nikasimama. Nani asingesimama? Mguu ukaingia katikati ya mawe, mkondo ukanilaza kifudifudi na mguu haujatoka. Kilichoniokoa ni kiatu kuchomoka. Jana nimesoma kitandani kwamba hivyo ndivyo watu wanavyokufa kwenye maji ya kiunoni: unatakiwa ulale chali, miguu mbele, vidole juu ya maji, uelee mpaka mto utulie. Sentensi moja tu, wakuu. Walikosa muda wa sentensi moja.

Sasa kinachoniuma zaidi. Nainua kichwa, namwona jamaa wao juu ya mwamba, mita chache tu. Nikanyoosha mkono nikijua kamba inakuja. Alikuwa na kamera. Kamba pekee aliyokuwa nayo ni mkanda wa ile kamera, shingoni. Kayaki (kimtumbwi chembamba) ya uokoaji kule chini haikuwepo, na mdogo wangu alivutwa na watu wa boti nyingine kabisa, si ya kwao.

Nimelalamika, wamejibu baada ya siku 3: nilisaini fomu kwamba hatari ni juu yangu. Sawa, hatari ya mto niliikubali. Kifungo kilichokatika nacho ni cha mto?

Chini ya majibu wakaambatanisha picha 14, zote zimepigwa nembo yao katikati. Nikizitaka safi, ninunue. Ya 9 ni mimi, mkono juu, jaketi limefunika pua. Imetoka vizuri sana, kila tone la maji linaonekana.