Nimeweka indeksi ya tarehe, mbona rekodi bado hazijipangi?

Mdau wa Tukuyu:
Habari za jioni wakuu. Natengeneza mfumo wa kikundi cha wakulima wa parachichi huku Rungwe. Mkulima akileta mzigo, karani anaingiza jina, kilo na tarehe. Natumia hifadhidata ya PostgreSQL. Nimeweka indeksi kwenye tarehe nikitegemea mizigo ya zamani itangulie, lakini wapi! Tena karani akisahihisha kilo, rekodi ile inashuka chini ya orodha. Wakulima wakiangalia wanadhani wamerukwa foleni ya malipo. Nifute jedwali nianze upya?

Mwenyeji wa Uyole:
Usifute kitu, mkuu. Indeksi haigusi mpangilio wa jedwali. Ni kama faharasa nyuma ya kitabu: maneno yamepangwa kialfabeti, kurasa zimebaki zilipo. Mpangilio unauomba wewe:

SELECT * FROM mizigo ORDER BY tarehe, id;

Hiyo id, yaani namba ya pekee ya kila rekodi, usiiache. Mizigo ya siku moja ni mingi, na bila kitu cha kuitofautisha inaweza kubadilishana nafasi kila ukifungua ukurasa. Kwenye suala la malipo ya watu hilo si dogo.

Kuhusu kushuka: PostgreSQL haiandiki juu ya rekodi ya zamani. Inaandika toleo jipya penye nafasi, la zamani linasubiri VACUUM, kazi yake ya usafi, ilisafishe.

Kijana wa Iringa:
Mbona kwangu kwenye hifadhidata ya MySQL rekodi zinatoka kwa mpangilio wa id bila ORDER BY?

Mwenyeji wa Uyole:
Kwa sababu InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi data, huhifadhi jedwali lenyewe kwa kufuata ufunguo mkuu, ambao kwako ni id. Lakini usiegemee hapo ndugu yangu. Siku MySQL ikiamua kupitia indeksi nyingine, mpangilio unageuka. Codd, mwasisi wa hifadhidata za aina hii, alishaandika tangu 1970 kwamba mpangilio wa rekodi ndani ya jedwali hauna maana yoyote.

Mdau wa Tukuyu:
Shukrani mkuu. Nimeona pia amri ya CLUSTER, ya kupanga jedwali lenyewe kwa kufuata indeksi. Na hii indeksi ya tarehe niitoe sasa?

Mwenyeji wa Uyole:
CLUSTER inapanga mara moja tu. Mizigo ya kesho haitafuata, na inafunga jedwali wakati inafanya kazi. Indeksi iache, ila iwe ya (tarehe, id). Ukiomba mizigo 20 ya mwanzo, PostgreSQL itaisoma ikiwa imeshapangwa bila kupanga jedwali zima. Jedwali likiwa bado dogo inaweza kuipuuza indeksi, usishtuke. Weka EXPLAIN mbele ya swali lako utaona itapita njia ipi.