Majirani mnaona mwizi anapakia korosho zangu, mnarudi kulala!

Wakuu, leo naandika na hasira zangu. Huku Tandahimba msimu wa korosho umeanza na wizi umeanza nao. Nilianika zangu uani kwenye turubai zikauke kabla ya kuzipeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika. Usiku zikazolewa zote. Walijaza magunia, wakafunga kwenye pikipiki, wakaenda zao bila haraka.

Kilichoniuma zaidi ni asubuhi. Jirani wa mbele alisikia pikipiki, eti "nikajua ni watu wako." Wa nyuma aliona tochi uani kwangu. Mwingine alichungulia kabisa dirishani! Jamani, namba yangu mnayo. Hata kukohoa kulimshinda mtu?

Na mwizi soko analo. Ghalani unapimiwa, jina linaandikwa, unasubiri mnada ndipo hela iingie benki. Kangomba, yule mnunuzi wa magendo, hakuulizi jina wala shamba, anakupa taslimu palepale. Mwaka 2018 Serikali ilipozinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima tulihakikiwa mashamba kabla ya kulipwa. Kwa hiyo kumuuliza mtu "hizi umevuna wapi?" kunawezekana. Hawa kangomba tunaishi nao, nyumba zao tunazijua, na baadhi yenu mnaowauzia ndio hao hao mnaonipa pole.

Ulinzi shirikishi tulianzisha wenyewe. Zamu zikapangwa, filimbi zikanunuliwa. Haukupita muda, wenye uwezo wakawa wanatoa hela wasitoke, wengine wanatuma watoto wadogo. Ukitaja balozi wa nyumba kumi unajibiwa huyo ni wa chama. Sawa, tangu vyama vingi virudi 1992 balozi ni wa CCM, lakini mwizi alipoingia kwangu hakuuliza kadi ya mtu. Kama hamumtaki balozi, chagueni mwingine, ila nyumba kumi zijuane!

Na simtaki anayekuja na tairi na petroli. Nataka filimbi ipulizwe, watu watoke, pikipiki izuiwe, mtendaji na polisi wapigiwe simu. Basi.

Mkutano wa kijiji ukiitwa nitasimama niyaseme haya mbele ya wote, wanune wakitaka. Mlioko Newala, Masasi, Nachingwea ambako zamu zinaenda vizuri, niambieni: nani anakagua kama watu wametoka, na asiyetoka mnamfanya nini?