Bimkubwa anakunywa dawa za sukari na za CTC (kliniki ya VVU), tumbo halitulii

kijana_wa_kibosho: Wakuu habari za jioni. Bimkubwa ana sukari tangu 2016, anakunywa metformin za miligramu 500, mbili asubuhi mbili jioni, hazikuwahi kumsumbua. Mwaka jana akapima akakutwa na maambukizi ya VVU akaanzishwa TLD, kile kidonge kimoja chenye dawa tatu, sasa tangu hapo ni kuharisha na kichefuchefu hata mtori hautaki. Shangazi anasema aache zote anywe mlonge. Shida nyingine kliniki ya sukari anaenda huku kwetu ila CTC anaenda mbali kwa sababu nesi wa hapa ni wa ukoo, kwa hiyo kadi ya CTC haionyeshi popote. Nifanyeje?

mfamasia_AR: Pole mkuu. Asiache dawa yoyote kwanza. Hebu jumlisha hiyo metformin, ni 2000 kwa siku. Kwenye TLD kuna dolutegravir, hiyo inazuia figo kuitoa metformin kama kawaida, inabaki nyingi kwenye damu, ndo maana mtu wa dolutegravir metformin inatakiwa isizidi 1000 kwa siku. Wa sukari hajui kuna TLD, wa CTC sijui kama aliuliza kuhusu sukari, tumbo la mama ndo linalipa. Dozi aishushe daktari akishapima sukari na kreatinini (kipimo cha figo), maana na tenofovir iliyo humohumo inataka figo ziangaliwe. Akianza kutapika mfululizo, kulegea sana au kuhema haraka usingoje siku ya kliniki, kimbiza hospitali. Na hayo madhara yaripotiwe.

mama_sakina: Mdogo wangu mimi natumia TLD tangu 2020, yangu ilikuwa usingizi, nakunywa usiku nakesha kama mlinzi wa benki, nesi akanihamishia asubuhi ikaisha, kumbe ningesema mapema. Na huyo mama namwelewa kabisa, mi mwenyewe kadi nilikuwa naifunga kwenye kanga. Aombe kuongea na daktari mlango umefungwa, si lazima aitoe dirishani watu wote wanaangalia.

ngosha_moshi: Mambo ya kuripoti madhara ni kujaza makaratasi tu, nani anayasoma?

mfamasia_AR: @ngosha_moshi yanasomwa. Mhudumu anajaza fomu ya njano, mgonjwa mwenyewe ana ya kijani, zinaenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na ofisi ya kanda ya kaskazini iko hapahapa Arusha. Huhitaji uhakika kwamba ni dawa, kushuku tu kunatosha. Hiyohiyo dolutegravir 2018 ilitolewa tahadhari kwa wanawake wanaotarajia kubeba mimba, data za Botswana zilionyesha watoto wachache wenye hitilafu ya uti wa mgongo na ubongo. Watu wakaendelea kuhesabu, hatari ikaonekana ni ndogo kuliko walivyohofia, 2019 WHO wakaipendekeza hata kwao. Sasa bila makaratasi ungejuaje?

kijana_wa_kibosho: Mrejesho wakuu. Nilimsindikiza, kamwambia daktari wa sukari kila kitu, nikatoka nje nikawaacha. Metformin imeshushwa moja asubuhi moja jioni, sukari watampima tena baada ya wiki mbili, tumbo limetulia na jana kala mtori bakuli zima. Fomu wamejaza ila wakataka namba ya bechi ya TLD, nikarudi nyumbani kutafuta kopo, kumbe bimkubwa alishalibandua lebo siku nyingi, anawekea chumvi.