Kompyuta ya nyumbani hapa Bukavu: ni programu na vifaa gani vimekufaa? Tupeane uzoefu

Mpenda Mashine, Kadutu
Ndugu zangu, jambo. Wengi wetu tunatumia laptopu zilizoingia mjini zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, umeme tunaujua, na mega za intaneti tunanunua kwa kuhesabu. Naomba kila mmoja aeleze kitu alichokiweka yeye mwenyewe nyumbani kwake, akaona kazi inakwenda. Mashine mpya za bei kali tuziache kando kwanza.

Nianze mimi. Laptopu yangu ilikuja na diski ya kuzunguka. Ukiiwasha asubuhi, unapika chai, unakunywa, ndipo Windows inafunguka. Nilitoa ile diski nikaweka SSD ya GB 240, na sasa inafunguka kabla sijavuta kiti. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na kichwa kinachokimbia huku na huku kutafuta data; SSD haina kitu chochote kinachotembea ndani. Kwa hiyo haiogopi hata ule mtikisiko wa kushuka na pikipiki ikiwa mgongoni mwako. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, na RAM yako (kumbukumbu ya kufanyia kazi) tayari ni GB 8, nunua SSD. Kwa mashine ya zamani sijaona kitu kingine kinacholeta nafuu kama hiyo.

Fundi wa Nguba
Aksanti kwa kufungua mada. Mimi nitaongea umeme, maana watu wananiletea mashine imezimika kabisa wakisema ni virusi, na mara nyingi ni umeme.

Chukua chaja yako, soma maandishi madogo mgongoni. Karibu zote zimeandikwa 100-240V. Maana yake, jioni watu wote wakiwasha majiko na taa ikawa nyekundu, chaja bado inaweza kufanya kazi. Volteji kushuka si adui mkubwa wa laptopu. Hatari iko pale umeme unaporudi ghafla, kwa sababu unaweza kuingia kwa kishindo. Ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, acha dakika chache utulie, ndipo uchomeke. Hiyo haigharimu hata franga moja, na imeokoa chaja nyingi kuliko stabilizateri (vifaa vya kusawazisha umeme) za bei rahisi ninazoziona mitaani.

Mwenye kompyuta ya mezani hana betri ndani, huyo anahitaji onduleri (UPS), sanduku lenye betri ya akiba. Lakini aielewe: onduleri ndogo ya VA 650 inakupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima vizuri, haikupi jioni nzima ya kuangalia filamu. Printa ya leza usiichomeke upande wa betri, inavuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja. Na betri yake ya risasi huchoka baada ya miaka michache. Ukiona onduleri inalia na kuzima papo hapo, mara nyingi ni betri inayotaka kubadilishwa, mashine yenyewe ni nzima.

Mwanafunzi wa Panzi
Yaya fundi, umesema kweli. Mimi niko kwenye TFC, kazi ya kuandika ya kumaliza masomo, na betri ya laptopu yangu imekufa, inaishi kwa chaja tu. Kilichonisaidia ni kuingia kwenye mipangilio ya Word, sehemu ya kuhifadhi. Word yenyewe huweka nakala ya dharura kila dakika 10. Nimeiweka kila dakika 1. Umeme ukikatika nikiwa katikati ya ukurasa, napoteza mistari miwili mitatu tu.

Kitu cha pili: Windows inakula mega kwa siri. Unawasha hotspoti ya simu utume faili moja kwa profesa, na yenyewe inaanza kushusha masasisho. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, chagua ule mtandao, uwashe «connexion limitée». Tangu hapo forfait yangu (kifurushi cha mega) inafika mwisho wa wiki.

Mama wa Muhumba
Mimi si fundi, ni mzazi. Ninataka kuwaambia habari ya Kiwix. Ni programu ya bure, inasoma Wikipedia nzima bila intaneti. Unashusha faili moja kubwa, ya ZIM, mara moja tu, pahali penye mtandao mzuri, na inakaa kwenye mashine. Ya Kifaransa yenye picha ni nzito sana, inataka diski yenye nafasi. Ile isiyo na picha ni nyepesi zaidi. Ya Kiswahili ni ndogo, hata simu inaibeba.

Mtoto wangu mkubwa anajiandaa na examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Usiku umeme ukienda, laptopu ikiwa na betri, anaendelea kusoma biolojia yake, na wadogo wanamzunguka wakiuliza habari za volkano na nyangumi. Nafurahi sana kuona hivyo. Kila mzazi mwenye kompyuta angewawekea watoto wake.

Mzee wa Bagira
Mama, asante, nitaitafuta kwa ajili ya wajukuu.

Yangu ni hii. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yangu ya zamani haina TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa hiyo Windows 11 inaikataa. Nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, ile ya Xfce, iliyo nyepesi. Barua naandika kwa LibreOffice, video VLC, na mashine haipigi kelele ya feni kama zamani. Uzuri wake, unaweza kuijaribu kwenye flashi bila kugusa chochote ndani ya diski. Jaribu kwanza Wi-Fi, sauti na printa. Printa yangu ilisumbua kidogo. Na kama kazi yako inategemea programu ya uhasibu ya Windows, usikimbilie.

Dada wa Kadutu
Wapendwa, nisaidieni. Flashi yangu ilitoka sekretaria ya kuchapisha, sasa folda zote zimegeuka njia za mkato. Kazi zangu zimepotea?

Mpenda Mashine, Kadutu
Dada, hazijapotea, na usiformati. Kirusi kimezificha tu. Usibofye zile njia za mkato hata moja, ndizo zinazokiamsha. Fungua dirisha la amri (andika cmd), kisha, kama flashi yako ni herufi F, andika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Ngoja imalize. Folda zako zitaonekana tena, labda ndani ya folda moja isiyo na jina. Nakili kazi zako, uzikague kwa antivirusi, futa njia za mkato, ndipo uformati flashi. Mzee wa Bagira akikuazima ile Linux yake, fungulia flashi huko: virusi vya aina hii vimeandikwa kwa Windows, huko havipati pa kushika.

Dada wa Kadutu
Zimerudi zote! Aksanti sana kaka. Sasa naandika namba ya Mzee.