Kudekeza au kuendekeza, anasa au starehe: nitumie neno lipi?

Mhariri wa Morogoro

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninahariri kijitabu cha malezi kitakachogawiwa kwa wazazi wenye watoto wadogo, na nimekwama katika sentensi mbili. Ya kwanza inamhusu bibi anayempa mjukuu andazi la pili muda mfupi kabla ya chakula cha mchana. Mwandishi anasema kwamba bibi “anamwendekeza” mjukuu. Mimi nilitaka “anamdekeza”, lakini nilipoulizwa sababu sikuwa nayo, isipokuwa kwamba sikio langu linakataa. Ya pili inamshauri mama aliyechoka “ajipe anasa kidogo” mwishoni mwa juma. Mwenzangu alipoisoma alishtuka, akasema kuwa anasa hukemewa, haishauriwi. Naomba msaada wenu.

Mwalimu wa Tanga

Sikio lako halijakosea. Kudekeza kunatokana na kudeka, na anayedeka lazima awe na nafsi: ni yule mtoto anayelia bila machozi, huku akichungulia katikati ya vidole kuona kama bibi anakuja. Uvivu haudeki, kwa hiyo haudekezwi. Kuendekeza kumetoka katika kwenda, kwa kupitia kuendeka; ni kuliachia jambo lishike njia yake mpaka ligeuke mazoea, na ndiyo maana twasema mtu ameendekeza ulevi, uvivu au usingizi. Mtu naye huweza kuendekezwa, ila hapo lawama huwa nzito zaidi. Ukiandika kwamba bibi anamdekeza mjukuu, msomaji ataona mapenzi yaliyozidi kipimo. Ukiandika kwamba anamwendekeza, ataona tabia mbaya inayokua mbele ya mtu mzima aliyenyamaza. Kwa andazi moja, mimi nisingemhukumu bibi wa watu kiasi hicho. Kama kijitabu kinakusudia kuonya, methali ipo: mchelea mwana kulia hulia yeye. Kuchelea hapo ni kuogopa.

Binti Pemba

Kwa idhini yako Mwalimu, naongeza kuengaenga, neno ambalo ningesikitika likisahauliwa, kwa kuwa halina lawama ndani yake. Mtoto aliyetoka kuugua, mama humwengaenga: uji humpoza kwa kijiko, shuka humkunjulia, humbeba kama yai, na hakuna wa kumwambia kwamba anamharibu.

Kuhusu anasa, mzizi wake wa Kiarabu unahusu uzoefu na kuliwazana kwa watu wanaopendana. Katika Kiswahili limehamia kwenye raha na maisha ya fahari, kisha mawaidha yakaliunganisha na dunia, tukapata “anasa za dunia”, na hilo ndilo lililomshtua mwenzako. Hata hivyo, anasa si israfu. Israfu ni kupita kiasi, hata katika kilicho halali: aya ya 31 ya Surat Al-A'raf inaruhusu kula na kunywa, ndipo ikakataza israfu. Ubadhirifu nao, katika magazeti ya leo, karibu kila mara ni wa fedha za umma. Mama anayekunywa chai yake peke yake, mlango umefungwa, hayumo katika hayo yote.

Msomaji wa Nairobi

Napendekeza starehe. Asili yake ni kupumzika, na maana hiyo bado i hai: mwenyeji akitaka kuinuka ili ampishe mgeni kiti, mgeni humwambia, “Starehe!”, yaani akae asisumbuke. Huku kwetu, shule iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya wavulana wasio na uwezo inaitwa Starehe, kama mtaa ilipo, na sijamsikia mtu akilionea shaka jina hilo.

Mwalimu wa Tanga

Nakubali kuhusu asili, lakini kijitabu kitasomwa Morogoro, na huku ukisema fulani ni “mtu wa starehe”, wasikilizaji hufikiria pombe na kukesha. Kinachonivutia ni kwamba doa hilo limeishika nomino, kitenzi kimebaki safi. “Amekaa barazani anastarehe” haimchafulii mtu jina hata kidogo. Tumia kitenzi.

Mhariri wa Morogoro

Ahsanteni sana. Sentensi sasa zinasomeka hivi: “Bibi akimdekeza mjukuu kwa andazi la pili, chakula cha mchana hakitalika,” na “Mama naye apate saa moja ya kustarehe bila kuitwa.” Kuendekeza nimekuhamishia ukurasa wa mbele, panapozungumzwa wazazi wanaomkabidhi mtoto simu kila anapolia, kwa sababu pale ni mazoea yanayolelewa, na mwandishi amekubali kwamba lawama iwepo. Kuengaenga nimekuweka katika sura ya mtoto mgonjwa.